Miti Chini ya Simenti

Siraji hakwenda Koboko kuokoa nyumba. Tusidanganyane. Alikwenda kuizika, na tangu anatoka Arua alikuwa na nyundo kubwa kwenye gari na maneno ya pole ameshayapanga kichwani.

Nyumba yenyewe ni ya Bushira, mjane wa miaka sabini na minane, ambaye mtaa mzima wa Wanubi humwita Haboba, yaani bibi. Iko karibu na soko, na hata mgeni haulizi mara mbili, kwa sababu Koboko nzima hakuna nyingine ya namna ile. Ni ya ghorofa, lakini ghorofa ya miti na udongo. Chini pana vyumba vitatu. Juu pana chumba kimoja kirefu ambacho kimejitokeza mbele kuliko ukuta wa chini, kinaning'inia juu ya njia hatua nzima bila nguzo ya kukishika. Baba yake Haboba, Sajini Kabiru, aliijenga mwaka wa hamsini na moja, miaka michache baada ya kurudi kutoka vita vya Wazungu. Siku ya kwanza tu watu walisema, "Hiyo itaanguka." Wakaendelea kusema hivyo miaka sabini na zaidi, na waliosema karibu wote tumeshawazika.

Ila mwaka huu, jamani, ilianza kuinama kweli. Upande wa njiani ulishuka, milango ikagoma kufunga, ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini. Ofisi ya mji ikamtuma injinia, naye akachora msalaba mwekundu karibu na mlango. Siku kumi na nne, nyumba ibomolewe, isipokuwa fundi athibitishe kwamba mifupa yake ni mizima. Haboba hana mtoto aliye hai. Pa kwenda ni chumba cha uani kwa mkwewe huko Yumbe, na huyo mkwe wamenuniana tangu siku ya harusi.

"Niliolewa humu, nikazaa humu, nikafiwa humu," aliwaambia majirani. "Nikitoka, nitatoka nimebebwa."

Akampigia simu Siraji. Kwa nini Siraji, na Koboko imejaa mafundi? Kwa sababu plasta ya nyumba ile ni mkono wake. Mwaka wa elfu mbili na nne Siraji alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mke mjamzito, na mwiko mmoja ambao hakuna aliyeuhitaji. Alimwendea Haboba akambembeleza. "Haboba, dunia imekwenda mbele. Udongo ni aibu. Nikuvalishe nyumba simenti, iwe ya kudumu." Haboba akakubali. Siraji alipiga plasta ile nje na ndani, akaisugua hadi ikang'aa, na watu walisimama njiani kuitazama. Kazi ile moja ikamzaa. Akaitwa Arua, akavalisha simenti nyumba za zamani kule Mvara, kisha Pajulu, na Jumatatu ya baada ya hizo siku kumi na nne alitakiwa kuanza nyingine kumi na moja kwa mkupuo. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia lolote juu ya fundi anayeziba kila kitu.

Basi alifika asubuhi, akasalimia kwa heshima, akakataa chai, akaikubali alipotazamwa vibaya. Akatundika timazi yake kwenye kona ya juu. Uzi ulishuka wima. Ukuta ulikuwa umeuacha uzi kwa shubiri moja na vidole viwili.

"Haboba," alianza, na sauti ya pole ikatoka vile vile alivyoipanga, "kila kitu kina siku yake. Nyumba hii imefanya kazi. Tuishushe taratibu, kabla haijamwangukia mtu."

"Umeangalia wapi?"

"Ukutani."

"Umeangalia nguo." Haboba alikuwa ameketi barazani akichambua mboga, wala hakuinua kichwa. "Daktari gani huyo anapima mgonjwa na kanzu yake? Vua kwanza. Nyumba iko na mwili ndani."

Siraji akacheka kidogo. Alijua kilichomo ndani. Vijiti, udongo, panya. Akawaza kwamba akiuonyesha huo mwili, bibi atakubali na mambo yataisha. Akachukua nyundo, akagonga kando ya ufa.

Plasta ilianguka pande kubwa kubwa, kila pande likiwa zito kuliko mtu angedhani. Nyuma yake ukatokea udongo mwekundu, na katikati ya udongo, mti. Haukuwa kijiti. Ulikuwa nguzo ya mvule nene kama paja la mtu, imechongwa pande nne. Akagonga tena. Ikatokea boriti iliyolala, imeingia ndani ya nguzo kwa ulimi wake, na ulimi umefungwa kwa kigingi cha mti. Akafuata boriti. Ikatokea nguzo nyingine, na mti wa mshazari kati yao, nao umeingia kwa ulimi na kigingi. Sasa hakuwa anabomoa tena. Alikuwa anafungua, kwa patasi, kwa vidole, huku vumbi limemjaa kwenye kope.

Alitafuta msumari. Miaka ishirini na mmoja ya ufundi ilimwambia msumari lazima uko mahali fulani. Alipapasa viungo kumi na vinne vya ukuta wa mbele, kimoja baada ya kingine, na hakupata hata kichwa cha msumari mmoja.

"Yalaa," alisema peke yake.

Kisha akaziona alama. Kwenye kila kiungo, pale ulimi unapoingia, palikuwa na mkato wa patasi. Mkato mmoja kwenye boriti, na mkato mmoja kwenye nguzo inayoipokea. Miwili kwa miwili. Mitatu kwa mitatu. Palipozidi mitano, aliyechonga aliweka mwezi mchanga, akaanza kuhesabu upya. Kila mti ulikuwa umeandikiwa mwenzake, na hakuna mti hata mmoja ambao ungeweza kukaa mahali pa mwingine.

Akapanda juu akafungua sakafu ya kile chumba kilichoning'inia. Huko ndiko alikokaa kitako. Maboriti ya sakafu yalitoka ndani ya nyumba, yakapita juu ya ukuta wa chini, yakaenda nje hatua nzima, na kwenye ncha zake za nje ndipo ukuta wa juu ulipokalia. Siraji alijua uzito. Alitazama mara ya kwanza akaona kosa. Alitazama mara ya pili, nywele zikamsimama. Ukuta ule wa nje, kwa kukandamiza ncha, ndio uliokuwa unanyanyua sakafu upande wa ndani isilegee. Kitu walichokicheka watu miaka yote kwamba kitaiangusha nyumba, ndicho kilichokuwa kinaibeba. Mtu aliyewaza hivi hakuwa na karatasi ya chuo wala kompyuta. Siraji mwenyewe alikuwa na cheti ukutani kwake, na asingethubutu.

"Subhanallah! Haboba!" alipiga kelele kutoka juu. "Nani alimfundisha baba yako kujenga nyumba?"

"Hakuna," Haboba alijibu kutoka chini. "Baba hakujua kujenga nyumba. Alijua daraja tu."

Akamsimulia huku mboga zikichemka. Sajini Kabiru kule Burma hakuwa mpiga bunduki. Kikosi chake kilikuwa cha kutandika madaraja ya miti. Walifika mtoni, wakasimamisha daraja, jeshi likavuka, wakalivunja, wakalibeba mabegani hadi mto unaofuata. Msumari ungefanya nini hapo? Ukiung'oa umeua mti. Kwa hiyo vigingi, na alama, ili hata usiku wa mvua mtu ashike mti na kidole kimwambie unakwenda wapi. Akarudi Koboko, akaoa, akatakiwa kujenga. Akasimamisha daraja, akalitia kuta.

"Mimi nilikuwa na miaka minne," Haboba alisema. "Nilimbebea vigingi kwenye gauni. Na mwaka wa sabini na tisa, tulipokimbilia Sudani, watu waliingia humu. Walichukua mabati, walichukua milango, walichukua hata vyungu. Tuliporudi, miti iko imesimama vile vile. Waliizunguka wakashindwa pa kuanzia."

Siraji alicheka kwa furaha ambayo hakuwa ameisikia kazini miaka mingi. Alitaka kumwita kila fundi wa Arua aje aone. Alishuka mbio, akapiga magoti chini ya nguzo za upande wa njiani ili aone daraja limekanyaga wapi, na akasukuma patasi kidogo tu.

Patasi ikazama hadi kwenye mpini.

Akaichomoa. Mti uliotoka nayo ulikuwa laini kama muhogo uliochemka, na umelowa. Akajaribu nguzo ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nne za upande wa mvua, kuanzia chini hadi magotini, zilikuwa zimeoza. Juu ya hapo mvule ulikuwa mgumu ukirudisha patasi kwa hasira. Hii ndiyo sababu nyumba imeinama. Lakini mvule hauozi hivi hivi. Miaka hamsini na mitatu haukuoza. Siraji akaokota pande la plasta yake lililoanguka, akaligeuza. Mgongo wa pande hilo ulikuwa umetoka jasho la maji, na ukungu mweusi umetambaa kote.

Akaelewa. Udongo hunywa mvua ukairudisha juani; ndivyo ulivyokuwa ukifanya tangu Sajini yu hai. Simenti haitoi kitu. Ilipata nyufa kidogo, maji yakaingia, na hayakuona njia ya kutoka. Yakashuka ndani ya ile nguo yake nzuri iliyong'aa, yakakaa kwenye miguu ya mvule msimu baada ya msimu, miaka ishirini na mmoja. Nyumba haikuwa imezeeka. Siraji ndiye aliyekuwa ameizamisha, kwa mkono wake mwenyewe, na akasifiwa. Na si hii tu. Akazikumbuka za Mvara moja moja. Akazikumbuka za Pajulu. Akakumbuka Jumatatu.

"Umekuta nini?" Haboba alikuwa amesimama nyuma yake.

Ulimi wa Siraji ukafanya hesabu yake wenyewe, bila kumuuliza. "Mchwa, Haboba. Mchwa wamekula miguu."

Haboba akamtazama. Akautazama mti uliolowa mkononi mwake. "Basi ni mchwa," alisema, akarudi jikoni.

Wiki nzima Siraji alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alikwaruza simenti yote, ukuta hadi ukuta, nyumba ikabaki uchi katikati ya mji na wapita njia wakipiga picha. Alinunua mvule mkavu, akachonga miguu minne mipya, kila mmoja na ulimi wake, na akakata alama zake kwa kufuata za Sajini. Mara tatu alimpelekea Haboba chai ili amwambie ukweli, na mara tatu walizungumzia bei ya sukari.

Siku ya kumi na tatu akafika Dumo, binamu yake, dereva wa lori la Vurra, mtu wa maneno mengi na jeki kubwa nne alizoazima kwa madereva wenzake mpakani.

"Mimi nimeinua lori la saruji tani thelathini," Dumo alisema, akiizunguka nyumba. "Lakini nyumba na mutu ndani, hapana. Haboba atoke."

"Haboba hatoki," Haboba alisema kutoka dirisha la juu. Alikuwa ameshajiwekea mkeka na birika. "Jeshi zima lilipita juu ya kazi ya baba yangu. Mimi kilo hamsini nitaivunja?"

Wakamsihi. Afadhali ungeusihi ukuta. Mwishowe Dumo akasema bismillahi, jeki zikatiwa chini ya boriti kuu, na watu wanne wakaanza kupampu kwa hesabu moja, kidogo kidogo, huku Siraji akitazama uzi wa timazi. Umati ulikuwa umejaa hadi sokoni. Nyumba ilitoa mlio mrefu, na wanawake wakashika vichwa. Kisha Siraji akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona, na sidhani ataliona tena. Viungo vilivyokuwa vimeachama vikaanza kufumba. Kimoja juu kulia, kok. Kimoja katikati, kok. Nyumba nzima ilikuwa inajirudisha mahali pake, mti kwa mti, kila ulimi ukirudi kwenye tundu lake bila kugongwa na mtu, na mlango wa barazani, uliogoma miezi sita, ukajifunga wenyewe polepole. Uzi ukausogelea ukuta hadi ukaugusa.  Hata Dumo alinyamaza, na hilo nalo ni la kuandikwa.

"Chai haikumwagika!" Haboba akatangaza kutoka juu, na hapo ndipo umati ulipolipuka.

Wakakata miguu iliyooza, wakaingiza mipya, wakagonga vigingi, wakashusha jeki. Nyumba ikakanyaga.

Kesho yake, siku ya kumi na nne, alikuja injinia wa mji, Stella Kiden, mwanamke wa Kikakwa, kijana, na kofia ngumu ya njano. Alikuja na fomu mkononi na uso wa kazi. Umati ulikuwa umerudi, na safari hii wamo wenye nyumba kutoka Mvara na Pajulu, waliosikia habari wakaja kumwona fundi wao aliyeinua ghorofa. Stella akaingia, akapanda juu, akashuka, akapapasa alama. Akavua kofia.

"Nilisoma Uingereza mwaka mmoja," alimwambia Siraji taratibu. Akatoa simu akamwonyesha picha. Mtaa mwembamba, na nyumba ya miti myeusi na kuta nyeupe, ghorofa zake zimejitokeza moja juu ya nyingine hadi karibu zinasalimiana na za ng'ambo. "Hii ina miaka mia tano. Nayo haina misumari. Nayo ina alama hizi za patasi. Kila Jumapili nilikwenda kuitazama, na watu wanalipa kuingia. Nami nimezaliwa kilomita sita kutoka hapa, nikapita nyumba hii nikienda shule, nikaichora msalaba." Macho yake yalilowa na hakuona haya. "Mifupa ni mizima. Nafuta."

Shangwe zikapanda. Stella akainua mkono.

"Kimoja tu. Huko kwao kuna watu waliovalisha nyumba hizi simenti, na zikaoza miguu vile vile. Fomu inataka sababu, ili wenye nyumba wengine waonywe. Nani alipiga simenti kwenye miti hii?"

 Wateja wa Siraji wote walikuwa wamesimama mbele yake, wale kumi na mmoja wa Jumatatu wakiwa mstari wa kwanza. Akainama akaanza kukung'uta vumbi magotini.

"Ni fundi mmoja wa Juba," Haboba alisema kwa sauti kubwa kutoka barazani, bila hata kupepesa. "Alipita tu. Alishakufa, Mungu amrehemu."

Stella akaanza kuandika. Siraji akamgeukia Haboba, na Haboba akamkazia jicho, jicho la kumwambia mtoto anyamaze mbele ya wageni. Ndipo alipojua kwamba bibi huyu hakuamini mchwa hata sekunde moja.

"Hajafa," Siraji alisema. "Ni mimi."

"Nyamaza wewe!" Haboba akafoka.

"Ni mimi, madam. Niliipiga mwaka wa elfu mbili na nne, nikamwambia udongo ni aibu. Na nimezipiga za kwenu pia," aliwaambia wale wa mbele. "Zivueni. Nitakuja nizivue mwenyewe, bure. Za Jumatatu sianzi."

 Mtu mmoja wa Pajulu akatukana, akaondoka. Wengine wakaanza kunong'onezana.

Haboba alishuka ngazi za baraza akimkemea njia nzima. "Mjinga mkubwa! Miaka ishirini na mmoja nakufunika, wewe unajifunua kwa dakika moja!"

"Ulijua tangu lini?"

"Mvua ya pili tu, ukuta ulinuka. Mimi nimekulia kwenye miti hii, nisijue harufu ya mti unaolia?"

"Na hukusema!"

"Niseme nini? Mke wako alikuwa amejifungua, kazi ya kwanza ya maisha yako ndiyo hiyo. Ningesema simenti ya Siraji inaozesha nyumba, Koboko hii nani angekupa mwiko tena?"

"Haboba, ingekuangukia!"

"Ingeniangukia mimi," Haboba alisema. "Wewe ungekuwa na kazi."

Siraji akakaa chini palepale njiani, mbele ya wateja wake, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano. Haboba akasimama kando yake, mkono mmoja juu ya kichwa chake, bado anamtukana kwa Kinubi. Stella alingoja mpaka Siraji alipomaliza kulia, kisha akampa fomu na kalamu, ajaze jina lake mwenyewe.